Shetani wa Vidole Sita

Sura ya Nane

Inspekta aliwapanga mashetani watatu juu ya meza yake, akawatazama kwa heshima zote, kama mtu anayepokea wageni waliokuja bila taarifa.

Walikuwa wamechorwa kwa penseli nyuma ya fomu za kuripoti vitu vilivyopotea. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi, na ndiyo iliyokifanya kituo kizima kimwite Kifutio. Kabla ya kumuuliza shahidi swali lolote, alimkalisha peke yake, akampa karatasi, penseli na kifutio, akamwambia: chora. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Koplo wake, mwanamke mrefu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliwahi kuandika ombi rasmi la kununuliwa penseli za rangi, na ombi likakataliwa kwa maandishi, likapigwa mhuri.

Michoro ilikuwa ya Jumanne, na sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi. Tukio lenyewe lilikuwa la Jumatatu asubuhi, katika chumba cha pasi cha kiwanda kimoja cha udobi, kinachofua mashuka ya hoteli na suti za wenye nazo. Shetani alitokea. Watu kumi na mmoja walianguka. Kumi waliinuka. Mpiga pasi mmoja, mama wa watoto pacha, hakuinuka.

"Tuanze na mkubwa wao," alisema Kifutio.

Shetani wa kwanza alikuwa wa Mzee wa Pasi, aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za pasi za mkaa. Alikuwa shetani wa kizamani, mwenye kufuata utaratibu: pembe mbili, kwato mbili, mkia unaogusa sakafu. Mzee alimwona mara ya kwanza akiwa mtoto, kwenye bango la darasa la dini, na miaka yote hiyo hakuona sababu ya kumbadilisha.

Wa pili alichorwa na Mama Shuka, mkunjaji mashuka, mtu wa makamo. Huyu alikuwa jini la kike, refu, jeupe, lenye msuko mmoja wa nywele unaoburuzika nyuma na miguu ya punda. Mama Shuka alilirithi kwa shangazi yake, ambaye kila mume aliyemtoroka alidai amechukuliwa na jini hilo. Waume hao walikuwa wanne.

Wa tatu alikuwa wa binti wa miaka ishirini na mbili, mpiga pasi pia. Shetani wake alitoka moja kwa moja kwenye filamu: kichwa cheusi kinachong'aa, uso hakuna, mgongoni kitu kama waya wa chaja.

"Kila mtu kaja na wake kutoka nyumbani," alisema Koplo.

"Ndiyo maana nawaamini. Sasa futa vya nyumbani. Pembe, toa. Uzuri wa jini, toa. Filamu, toa. Kinabaki nini?"

Koplo aliinama juu ya meza. "Mkia, msuko, waya. Kitu kirefu kinamfuata nyuma. Kwato, miguu ya punda, na binti ameandika viatu vizito. Macho ya duara kwa Mzee na kwa Mama Shuka. Mdomo hakuna hata mmoja aliyeuchora."

"Na wote wanasema alikuwa anapumua kama pampu ya baiskeli, na chumba kilinukia utamu wa ajabu."

"Barakoa ya uso mzima," alisema Koplo polepole. "Mabuti yenye chuma. Mpira wa hewa."

"Fundi wa tangi. Lile tangi la dawa ya kufulia suti lilifunguliwa watu wakiwa kazini, kwa kuwa kusimamisha kazi nusu siku kungeudhi hoteli. Mvuke wa ile dawa unalevya, ukizidi unasimamisha moyo. Yeye alikuwa na hewa yake. Wao walikuwa na pasi zao."

Kila kitu kilikaa mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kukisema na kutia saini, na muda wenyewe haukuwa mwingi. Maana kwenye seli nambari mbili alikuwamo Bibi Fagio, mfagiaji wa kiwanda, mwenye miaka sitini na saba na uzito wa mtoto wa shule ya msingi. Hakuwa ameshtakiwa, sheria haina kifungu cha kumwagiza shetani. Alihifadhiwa humo kwa usalama wake, kwa sababu Jumatatu jioni majirani walimfuata na mawe. Kosa lake lilikuwa hili: watu walipotoka chumba cha pasi wakitambaa, walimkuta amesimama nje ya mlango, mzima, hata kukohoa hakohoi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na yeye ndiye aliyeufungua.

Mkuu wa kituo alishatamka kwamba haendeshi nyumba ya wageni. Saa tisa alasiri, Alhamisi hiyohiyo, Bibi anatoka. Mashahidi wakisema walimwona mtu ndani ya barakoa, Kifutio angewapeleka wakaseme vivyo hivyo mtaani kwake, na bibi angelala kwake. Wasiposema, angetoka vilevile, na mawe bado yapo.

Saa tatu asubuhi mashahidi walifika, wamechana nywele, wamevaa nguo zilizonyooshwa mpaka unaweza kukatia mkate. Kifutio aliwatenganisha vyumba vitatu. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mazoea, akawapa karatasi tena.

Baada ya dakika ishirini Koplo alirudi na michoro mitatu mipya, akaiweka mezani bila neno.

Shetani alikuwa mmoja. Amevaa suti. Pembe zimepinda kwa ndani. Ametabasamu, meno yote nje, ameinua mkono wa kushoto kama anayesimamisha gari. Mkia hakuna, msuko hakuna, waya hakuna. Mzee wa Pasi, ambaye Jumanne alichora mkono wenye vidole vitatu kwa sababu penseli ilimshinda, leo alikuwa amechora kila kidole kwa uangalifu wa mwanafunzi anayetafuta alama za juu.

Kifutio alihesabu. Akahesabu mchoro wa pili. Akahesabu wa tatu.

"Sita," alisema. "Mkono wa kushoto. Wote."

Aliingia kwanza kwa Mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumanne shetani wako alikuwa na mkia."

"Jumanne nilikuwa na hofu."

"Na leo?"

"Leo nimekumbuka."

"Umekumbushwa na nani?"

Mzee aliisogeza penseli mpaka ikalala sambamba na ukingo wa meza, kama anayetafuta mkunjo wa suruali. "Mwanangu, mimi nimebakiza miezi minne nistaafu," alisema. "Uniandikie pembe."

Mama Shuka hakuwa na utulivu huo. Alipoulizwa habari za vidole alianza kulia, na alipokuwa akitafuta leso mkobani simu yake ilidondoka. Koplo aliiokota, akaifuta vumbi, akaomba kwa upole kuonyeshwa mazungumzo ya kikundi cha kazini. Upole wa Koplo ulikuwa unatisha kuliko kelele za watu wengine. Mama Shuka akafungua.

Picha ilikuwapo, imetumwa na msimamizi wa kiwanda Jumatano saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa ya zile ambazo unaiandikia simu maneno, nayo inakuchorea: suti, pembe, tabasamu, vidole sita, maana mashine zile bado hesabu ya vidole inazisumbua. Chini yake msimamizi alikuwa ameandika: "Huyu ndiye tuliyemwona. Kesho tukumbuke vizuri. Asiyekumbuka asije Ijumaa."

"Kwa hiyo alikuwa na barakoa, mama?"

"Mie sijui barakoa," alisema Mama Shuka kwenye leso. "Muulize shangazi."

"Shangazi yako yu hai?"

"Hapana."

Alibaki binti. Kifutio alimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye aliyemtegemea zaidi, na pia kwa sababu aliogopa kumuuliza. Binti huyo alikuwa mtoto wa pekee wa Bibi Fagio. Walikuwa wakiishi chumba kimoja.

"Mama yako yuko hatua ishirini na tano kutoka kwenye kiti hicho," alisema.

"Najua. Nimempelekea uji. Hawajaniruhusu kumwona."

"Jumanne ulichora waya."

"Ulikuwa mpira," alisema binti. Alisema wazi, bila kushusha sauti. "Mpira wa hewa, wa bluu. Ulipita juu ya mguu wangu. Nilimwona mtu ndani ya kile kioo, afande. Alikuwa anatutazama tunavyoanguka, kisha akaendelea kufungua nati."

Koplo aliacha kuandika. Kifutio alisogeza fomu mbele. "Tia saini hayo."

"Siwezi."

"Mama yako akitoka leo bila maneno hayo..."

"Najua akitoka itakuwaje. Mie ndiye nakaa huko." Aliitazama fomu. "Afande, shetani hawezi kunifukuza kazi. Msimamizi anaweza. Na mwenye nyumba ni kaka yake msimamizi. Nikisaini, tunakosa kazi na chumba siku moja, na majirani bado watasema mama alinitia maneno mdomoni. Nisiposaini, angalau mmoja wetu ana pa kulala."

"Nani huyo?"

Binti aliinamia karatasi. Alichukua kifutio, akafuta kidole kimoja kwenye mchoro wake, akapuliza uchafu, kisha akakichora tena palepale.

Zilibaki saa tano. Kifutio alifanya kinachofanywa na mpelelezi aliyekosa watu: aligeukia vitu. Alimtuma Koplo alete daftari la mali za mahabusu.

"Gauni moja," alisoma Koplo. "Ndala, jozi moja. Kipande cha chuma kilichopinda." Akanyanyua macho. "Hiki hakuna aliyekiulizia."

Kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki: upinde wa kufuli, umekatika upande mmoja, bado una rangi ya kijani iliyokwaruzwa. Kifutio aliuchukua mpaka seli nambari mbili. Bibi Fagio alikuwa amekwisha kuifagia seli kwa kipande cha boksi, na uchafu ameukusanya pembeni katika rundo dogo la heshima.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Kufuli ya mlango wa pasi. Nilisikia wanagonga kwa ndani. Nikaipiga kwa mtungi wa kuzimia moto. Mara nane." Alifikiri. "Tisa. Ya kwanza nilijipiga kidole."

"Kwa nini hukusema tangu Jumatatu?"

"Hamkuniuliza kufuli, mwanangu. Mliniuliza shetani nimemtoa wapi."

Kiwandani kulikuwa na joto na sauti ya mashine kumi na mbili zinazozungusha nguo. Msimamizi aliwapokea mlangoni, mtu nadhifu mwenye sauti laini, akaitazama kola ya Kifutio kwa huruma ya kitaalamu.

"Tukupigie pasi kidogo, afande? Bure."

"Nionyeshe mlango wa chumba cha pasi."

Mlango ulikuwa kama mpya. Rangi ilikuwa mbichi, na Koplo alipougusa ilibaki kidoleni mwake: si kijani tena, kijivu. Bawaba za kufuli hazikuwapo, matundu yake yalizibwa. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ukutani, mwekundu, bila mkwaruzo hata mmoja, bado una karatasi ya dukani. Tangi la dawa lilikuwa limefungwa na limeng'arishwa. Kando yake kulikuwa na ndoano nne zenye majina: APRONI, GLAVU, MABUTI, na ya nne jina lake lilikuwa limekwanguliwa. Daftari la wageni getini lilikuwa na Jumapili na lilikuwa na Jumanne. Jumatatu ilichanwa vizuri sana, kwa rula.

Kati ya mashine ya sita na ya saba, kimo cha macho ya mtu, palibandikwa picha. Suti, pembe, tabasamu, mkono umeinuliwa. Chini yake tangazo: "Ukimwona, toa taarifa kwa msimamizi."

"Usalama kazini," alisema msimamizi.

"Ana vidole sita."

"Afande, nani alikuambia shetani ana vitano?"

Kifutio alimtafuta mtu wa kumsaidia kucheka, hakumpata. Wapiga pasi walikuwa wameinamisha vichwa. Pasi zilipanda na kushuka. Ukutani nyuma yao ubao wa ratiba ulisomeka: Jumamosi asubuhi, kusafisha tangi, wote kazini.

Saa saba na nusu alisimama mbele ya mkuu wa kituo, akampangia mezani kila alichonacho: michoro ya Jumanne, michoro ya Alhamisi, nakala ya ujumbe wa simu, upinde wa kufuli. Alieleza kwa dakika kumi na mbili. Hakupepesa macho wala hakurudia neno. Koplo, aliyesimama mlangoni, baadaye alikiri kwamba hajawahi kusikia kesi iliyonyooka vile.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mjinga, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Mashahidi wangapi wamesaini barakoa?"

"Hakuna, mkuu."

"Wangapi wamesaini shetani?"

"Watatu. Lakini vidole..."

"Vidole sita, vinalingana. Kule juu wakisoma watasema ushahidi wa watatu unaoana, na ujumbe wa msimamizi wataufanya wa nne." Aliunyanyua upinde wa kufuli, akaupima mkononi. "Na hiki. Unaniambia bibi wa kilo arobaini alivunja kufuli hii?"

"Kwa mtungi wa kuzimia moto."

"Mtungi ambao hauna mkwaruzo." Aliurudisha mezani taratibu. "Ukikipeleka hiki mtaani, Kifutio, unajua watu watasema nini? Watauliza alipata wapi nguvu hizo. Nilikuwa na mashaka kidogo na habari za bibi huyu. Hata mimi umeniongezea."

"Kuna mama wa watoto pacha amekufa, mkuu."

"Na daktari ameandika moyo ulisimama. Moyo wa nani hausimami akifa?" Alichukua kalamu. "Kifo cha ghafla. Funga. Bibi atoke saa tisa, umsindikize mwenyewe kama unampenda."

Alimsindikiza mwenyewe. Bibi Fagio alitia dole gumba kwenye daftari, akapokea ndala zake, akauliza kama anaweza kubaki na kile chuma. Koplo alitazama dari kwa muda, na alipoacha kutazama dari bahasha ilikuwa mfukoni mwa bibi.

Walitembea, Koplo akiwa nyuma yao. Jua lilikuwa bado kali na mtaa ulikuwa na watu wengi, lakini kila walipopita palikuwa kimya, na nyuma yao maneno yalianza upya. Hakuna aliyerusha jiwe. Labda kwa sababu ya sare ya Koplo. Mawe yenyewe yalikuwa yamekusanywa tayari kando ya mtaro, yamepangwa, makubwa chini na madogo juu.

"Wewe uliwahi kumwona, bibi?" aliuliza Kifutio, ili tu pawepo sauti. "Shetani. Maishani mwako."

"Nikiwa mdogo walituambia ana jicho moja kifuani. Nilipoolewa wakasema anafanana na mtu mzuri sana. Sasa nasikia anavaa suti." Alivuta pumzi. "Mie nafagia, mwanangu. Kila wanakomwona, naitwa kesho yake. Sijawahi kukuta hata unyoya."

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita mstari mmoja. Mlango wa nne ulikuwa wake. Mtu alikuwa amechora juu yake kwa mkaa, kwa bidii kubwa, kutoka juu mpaka chini: suti, pembe, meno. Mkono wa kushoto uliinuliwa usawa wa kitasa. Bibi Fagio alivisogelea vidole, akavigusa kimoja kimoja. Kisha akabisha katikati ya kiganja.

"Nani?" ilitoka sauti ya binti.

"Mimi."

Mlango haukufunguka.

"Mama yako."

Ndani kitu kizito kilisogezwa. Kifutio alidhani ni komeo linafunguliwa. Ilikuwa meza, na ilikuwa inasogezwa kuja mlangoni. Halafu kidirisha cha kando kilifunguka kiasi cha mkono, na mkono ukatoka, umeshika furushi. Kifutio alijikuta anahesabu vidole. Vitano. Kimoja kilikuwa na alama ya kuungua kwa pasi, mbichi.

Bibi alipokea. Kidirisha kikafungwa, na ndani mtu akaanza kulia jinsi mtu anavyolia akiwa ameng'ata nguo. Majirani walikuwa wamejaa vizingitini mwao. Mmoja wao, mwanamume mwenye kofia, alichutama kando ya lile rundo la mtaroni kana kwamba anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Bibi Fagio alilifungua furushi hapohapo kwenye ngazi. Magauni matatu, shuka moja, kitambaa cha kichwa. Yote yamekunjwa kama ya kiwandani, mikunjo imenyooka, kola zimesimama. Aliweka kiganja juu ya gauni la juu, akakiacha hapo.

"Bado zina moto," alisema.

Alifunga furushi, akalitia kwapani, akamgeukia Kifutio.

"Ile seli yangu," akauliza, "mmeshampa mtu?"